Cherehani Kumi na Tisa

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Nimepata kazi! Si kibarua. Kazi. Nina kitambulisho chenye picha, kamba ya shingoni, kishikwambi cha ofisi na mwavuli. Cheo: mdadisi. Kazi yenyewe ni kupita nyumba kwa nyumba nikiuliza watu wanadaiwa kiasi gani, na nani, na tangu lini. Taasisi inataka kupima madeni ya kaya za mji huu.

Semina ilikuwa ya asubuhi moja, soda na biskuti. Msimamizi wetu ametufundisha kwamba deni ni kitu chochote ulichochukua na hujalipa: mkopo wa benki, sukari ya dukani, pesa ya dada yako, mshahara uliouchukua kabla mwezi haujaisha. Nilitikisa kichwa kama mtu anayesikia mambo haya kwa mara ya kwanza.

Malipo ni elfu kumi kwa kila kaya. Kaya arobaini. Ukizikamilisha kufikia Jumatatu tarehe 9, fedha unapewa mkononi Jumatano tarehe 11. Laki nne! Sikuomba hesabu ikae hivyo, imekaa yenyewe. Maana laki nne ndizo ninazodaiwa na Bwana Taratibu, na siku yangu ya mwisho kwake ni Alhamisi tarehe 12.

Niandike ukweli, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Mwezi wa pili nilinunua mashine ya kunakili karatasi, ya mtumba, nikaona nimetoka kimaisha. Fedha nilikopa kwa Bwana Taratibu, ambaye anaitwa hivyo kwa sababu hajawahi kupandisha sauti. Mashine ikawa inanakili upande wa kushoto tu. Nani anataka nusu ya cheti cha kuzaliwa? Na dhamana niliyoweka ni cherehani ya mke wangu. Hajui. Kwenye karatasi niliandika mali ni yangu, mashahidi wawili wakasaini, na cherehani ikabaki nyumbani ikifanya kazi kama kawaida. Nisipolipa, Alhamisi ile watu wanakuja kuibeba. Mke wangu ni fundi wa sare za shule. Cherehani hiyo ndiyo inayotulisha, maana mimi huu ni mwaka wa tatu natafuta nafasi inayonifaa.

Mke wangu kafurahia hii kazi kupita kiasi. Amenipigia pasi shati la kesho bila kuombwa. Iliniuma kidogo.

Jumanne, tarehe 3 Juni

Nimetembelea kaya nane. Kaya zote nane hazidaiwi. Maajabu haya! Mtaa mzima hauna deni hata la kiberiti. Baba wa nyumba ya kwanza alinieleza kwamba wao ni watu wa kutumia walichonacho, na nyuma yake friji mpya ilikuwa bado imebandikwa ratiba ya malipo ya kila mwezi. Mama wa nyumba ya nne alisema kukopa ni tabia mbaya sana, kisha akanishika mkono tuingie ndani haraka kwa sababu mwenye duka alikuwa anapita.

Dodoso lina maswali sitini na mawili. Swali la thelathini na moja linauliza kama mwenzi wako anafahamu deni hilo, na ni amri liulizwe mtu akiwa peke yake. Nimelisoma mara nyingi kuliko kazi inavyotaka.

Jioni msimamizi amenirudishia zote nane. Anasema hakuna mtaa wa namna hiyo duniani, nirudi nikaulize kama binadamu. Na alisema mbele ya Bi Nukta! Huyu ni mdadisi mwenzangu, anashughulikia mitaa ya upande wa pili wa barabara kuu. Anaitwa hivyo kwa sababu hata ujumbe wa simu haumalizi bila kuweka nukta. Leo amekamilisha kaya tano, madeni ishirini na matatu. Nikamuuliza, kwa unyenyekevu wa kujilazimisha, siri yake ni nini. Akanijibu kwamba hana siri, kaka, yeye akishauliza hunyamaza. Mtu hanilipi elfu kumi ninyamaze.

Jumatano, tarehe 4 Juni

Nimejaribu kunyamaza. Nyumba ya mwokaji mikate, mtu anayekesha kazini na kulala mchana. Nikauliza kama kuna yeyote anayemdai, nikanyamaza. Naye akanyamaza. Nikazidi. Akafumba macho, nikaona mbinu inamwingia, mtu anajumlisha. Kisha akakoroma! Sikutaka kuvuruga mambo, nikaendelea kukaa. Mkewe akarudi kutoka sokoni akakuta mumewe kajilaza kitini na mwanamume asiyemjua amekaa mbele yake anamkodolea macho. Nimetolewa kwa ufagio. Mwavuli wa ofisi umebaki huko.

Mchana nimebuni mbinu yangu mwenyewe. Nikiingia, kabla ya kuuliza lolote, naeleza kwamba hata mimi nadaiwa. Watu humfungukia mwenye shida mwenzao. Nilikusudia kuigiza kidogo tu, na kutia chumvi hapa na pale. Lakini kwa mzee mmoja, tarishi mstaafu, nilipofika kwenye cherehani na ile tarehe kumi na mbili machozi yalinitoka bila mpango wowote. Mzee akanishika bega, akaniambia pole mwanangu, akaingia chumbani, akatoka na elfu tano. Nikakataa. Akasisitiza. Nikakataa kwa sauti ya chini. Nikapokea.

Sheria ni sheria, ilibidi nijaze. Je, kuna mtu anayedaiwa na kaya hii? Ndiyo, mmoja. Jina la mdaiwa? Nikaandika langu. Dodoso limerudi lina alama nyekundu kila mahali, na msimamizi ameniuliza kama nina akili timamu. Nimemwambia ninazo.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Lakini mbinu inafanya kazi! Kaya saba kwa siku moja! Nikishalia, na wao wanalia. Fundi wa magari ana mikopo minne, na wa nne aliuchukua ili kulipia wa tatu. Mkunga anadaiwa na wafanyakazi wenzake wote wa zamu yake. Nimeandika mpaka kidole kimechoka.

Mmoja tu ameniharibia siku. Mama dobi, anayefua nguo za watu uani kwake. Nilimuuliza lile swali la thelathini na moja. Akaacha kufua. Akasema deni ni la mumewe, na mumewe anadhani yeye hajui. Anajua tangu mwaka juzi, na analilipa kidogokidogo kwa pesa ya kufua, kimyakimya. Nikamuuliza kwa nini hamwambii. Akasema anamsubiri aseme mwenyewe. Akaniambia fedha hazimuumi hata kidogo. Kinachomuuma ni kukaa meza moja kila siku na mtu ambaye kichwani anahesabu jambo asilomwambia.

Dodoso halina nafasi ya maneno hayo. Nimejaza: mkopo mmoja, mwenzi anafahamu. Maneno yenyewe nimeyaweka hapa ili yasipotee. Ni mazito, na yatawafaa watu wengi.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Jana imekwenda bure. Mvua, na mwavuli hakuna. Hesabu ya leo: kaya ishirini na moja. Bado kumi na tisa, na zimebaki siku mbili.

Kwa kinyozi nimekutana na Bwana Taratibu. Amenisalimia kwa heshima zote. Akaulizia afya yangu, akaulizia mke wangu, kisha akaulizia cherehani. Alitaka kujua kama inapakwa mafuta vizuri. Nikamwambia inapakwa. Akasema vyema, kwa sababu mnunuzi aliyemwandalia anapenda vitu vilivyotunzwa. Sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba kinyozi alizima mashine ili asikie. Nimetoka pale bila kunyolewa.

Bi Nukta naye amepiga simu. Yeye amebakiza kaya mbili tu, bila shaka. Akaniambia kesho ana nafasi, anaweza kuja tugawane nyumba zangu, zihesabike kwangu, yeye hataki senti. Nani anafanya kazi ya bure? Anataka aje aone mitaa yangu, kisha akajisifu kwa msimamizi kwamba aliniokoa. Nimemshukuru, nikamwambia niko vizuri.

Jumapili, tarehe 8 Juni

Siku ya ushindi. Niliamka na mpango kamili kichwani.

Madodoso nitayajaza mwenyewe! Nimewasikiliza watu ishirini na mmoja, nashindwa nini kuwatunga kumi na tisa? Vikwazo vilikuwa viwili. Kwanza, kishikwambi huandika chenyewe mahali ulipo, kwa hiyo huwezi kujazia jikoni. Dawa yake: nimezunguka mtaa mzima, nikasimama kwenye kila geti robo saa, najaza. Jua, mbwa, watoto wananifuata. Kwenye geti la tisa mwenye nyumba alitoka, akasema ameona kitambulisho changu, leo ana nafasi nzuri na angependa kuzungumza. Nikamwambia samahani mzee, nina kazi nyingi.

Pili, kila kaya lazima iwe na namba ya simu, kwa sababu ofisi hupiga chache kuhakiki. Namba lazima ziwe hai. Dawa yake: daftari la oda la mke wangu. Lina wateja, vipimo vya viuno na mabega, na namba zao zote. Alipotoka kupeleka sare nikanakili kumi na tisa. Ofisi itapiga moja au mbili, mteja atajibu chochote, na mambo yatapita.

Kutunga kwenyewe nilikuwa nadhani ni kugumu. Wapi! Maneno yalikuja yenyewe. Kaya ya ishirini na mbili: baba hana kazi ya kudumu, anadaiwa laki nne, dhamana ni cherehani ya mkewe, mwenzi hafahamu. Kaya ya ishirini na tatu: baba ni mtu wa mipango, laki nne na nusu, dhamana cherehani, mwenzi hafahamu. Nikaenda hivyo mpaka arobaini. Nilikuwa nawaonea huruma wale wanaume kana kwamba nawajua. Kwa kipaji hiki ningeandika vitabu.

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Nimewasilisha. Arobaini kamili! Msimamizi akanipa mkono. Bi Nukta akanipongeza, akasema aliniombea. Nilimtazama usoni nikitafuta wivu, sikuuona. Anajua kuuficha.

Nimemwambia mke wangu kwamba Jumatano nitakuwa na fedha. Akaniuliza tutazifanyia nini. Nikasema kuna mambo ya kuweka sawa. Akasema yeye angependa tulipie kodi ya nyumba miezi mitatu kwa mkupuo, apumue. Nikanyamaza kama Bi Nukta.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Nimeitwa ofisini saa mbili asubuhi. 

Msimamizi alikuwa amesimama. Pembeni yake, kijana wa takwimu kutoka makao makuu, miwani nzito, amekuja na basi la usiku. Nikajua nimekwisha. Kumbe wamefurahi! Kijana akageuza kompyuta nione. Akasema wamepima madeni katika miji kumi na miwili na hawajawahi kuona jambo kama hili. Katika eneo langu, waume kumi na tisa wameweka rehani cherehani za wake zao, na wake wote kumi na tisa hawajui. Hakuna aliyeweka rehani baiskeli. Hakuna redio. Wote cherehani, wote karibu laki nne. Akasema kwamba huu ni ugunduzi.

Nikaangalia orodha ile. Cherehani, cherehani, cherehani, mpaka chini ya ukurasa. Wallahi sikuwa nimeona nilichokuwa naandika.

Nikajaribu kulipoza. Nikasema huenda ni bahati tu. Kijana akasema bahati ya namna hiyo haipo. Nikasema labda mtaa una mafundi wengi. Akauliza, kumi na tisa? Akatamka uamuzi: zitapigwa namba zote, si moja au mbili, wake waulizwe kwa upole kuhusu cherehani zao. Nikapinga. Nikazungumzia siri za watu, heshima ya ndoa, maadili ya utafiti. Msimamizi akasema ameguswa na msimamo wangu. Simu zitapigwa kesho asubuhi na mtu mwenye ulimi mzuri kuliko wote, Bi Nukta.

Malipo yamesimamishwa mpaka uhakiki uishe. Kesho kutwa ni Alhamisi.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Sijui nianzie wapi.

Bi Nukta ameanza kupiga saa tatu. Mteja wa kwanza alimjibu kwamba yeye hana cherehani, ila fundi wake anayo. Wa pili hivyohivyo, hana, ila fundi wake anayo. Wa tatu hana hata mume. Wa nne akauliza namba yake imepatikana wapi. Kufikia wa saba Bi Nukta alikuwa amelitaja jina la fundi kabla ya mteja kulitaja. Aliniita nje ya ofisi. Aliniuliza polepole kama fundi huyo ni mke wangu, akanitazama, halafu akanyamaza. Nilihesabu mpaka kumi na nne, ndipo nikamwambia kila kitu, kuanzia mashine ya kunakili. Mbinu yake inafanya kazi.

Sikufokewa. Alisema tu, kaka, nenda nyumbani sasa hivi, ufike kabla ya hao wateja.

Sikuwahi. Nilipita kwanza kwa kinyozi kutafakari nitasema nini, nikatafakari kwa muda mrefu. Nilipofika kulikuwa na wanawake tisa ukumbini na wengine mlangoni. Kila mmoja alikuwa amekuja kumuuliza fundi cherehani yake ina matatizo gani, maana amepigiwa simu na mtu mwenye sauti nzuri. Mke wangu alikuwa amekaa nyuma ya cherehani, mkono juu yake. Hakuniuliza mbele za watu. Aliwashukuru, akawatuliza, akawatoa mmoja mmoja. Kisha akauliza swali moja: lini? Nikasema kesho.

Kazi sina tena. Kishikwambi na kitambulisho nimerudisha jioni. Msimamizi aliniomba tu mwavuli.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Wamekuja saa nne. Bwana Taratibu na wabebaji wawili. Alivua viatu mlangoni, akaomba radhi kwa usumbufu. Mke wangu aliomba aione karatasi. Akaisoma yote. Akafika mahali palipoandikwa mali ni yangu, akaweka kidole hapo, akanitazama. Nimeishi na mwanamke huyu miaka kumi na sita na sikuwahi kutazamwa vile.

Akaomba dakika chache. Akamalizia mshono wa sketi iliyokuwa imebaki, akakata uzi, akafuta cherehani vumbi kwa kanga yake, akawafungulia mlango ili wasiikwaruze. Meza imebaki na alama nne za miguu ya cherehani. Nilisema nitafanya mpango. Akasema tafadhali, usifanye mpango wowote.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Ameshona kwa mkono kutwa nzima, karibu na dirisha. Sare zinatakiwa shule zikifunguliwa, na bado ni nyingi. Sindano inamsumbua, anaiweka mbali, anaileta karibu, uzi haupiti. Mara tatu ameniita nimpitishie. Nimempitishia. Ndizo mara tatu pekee alizoniita.

Nina aibu. Nimeiandika ili nikae nayo. Mwanamke hajanitukana, na ningependa anitukane.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Cherehani imerudi! Sina mkono wowote katika hili.

Wale wateja walirudi asubuhi, safari hii wakiwa pamoja. Walikuwa wamekubaliana. Kila mmoja ametoa elfu ishirini, malipo ya kabla kwa sare na nguo atakazoshonewa baadaye. Wote kumi na tisa. Ni laki tatu na themanini. Mke wangu akaongeza elfu ishirini ya kwenye kopo, akavaa, akaenda mwenyewe kwa Bwana Taratibu. Sijui waliongea nini. Nasikia alipandisha sauti, yeye mke wangu, na Bwana Taratibu akamwomba radhi. Karatasi imechanwa mbele yake. Ilipofika saa saba cherehani ilikuwa juu ya meza.

Kwa hiyo sasa tunadaiwa na kaya kumi na tisa, zote za kweli, zenye namba za simu zilizo hai. Yeye ndiye atakayewalipa, mshono kwa mshono, mpaka mwisho wa mwaka. Nilimwona anaandika majina yao kwenye daftari la oda, anapiga mstari chini ya kila moja. Nikatoka nje nikalia.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Leo amenihoji.

Baada ya chakula cha mchana alifuta meza, akafungua ukurasa mpya kwenye daftari lake, akanoa penseli. Akaniambia, mume wangu, kaa. Leo nataka kujua nyumba hii inadaiwa kiasi gani. Sitapiga kelele. Sitalia. Utataja, mimi nitaandika. Nikitoka hapa nataka nijue nimesimama wapi.

Nikaanza na madogo. Duka la mtaani, elfu nane. Kinyozi, vichwa sita. Mzee tarishi, elfu tano. Hapo aliinua macho, nikaeleza, akaandika. Shemeji yangu, kaka yake mwenyewe, elfu thelathini za tangu mwaka jana. Akaandika. Kijana aliyeniuzia mashine, elfu kumi na tano za usafiri. Mtu wa kiwandani niliyewekeana naye dau. Akaandika bila kuuliza dau la nini. Akishaandika ananyamaza, nami maneno yananitoka. Sijawahi kujisikia mwepesi kama leo. Kila nilichotaja kiliniondoka kifuani. Kwenye la saba nililia, akanipa kitambaa cha sare akasema niangalie nisikichafue. Tulicheka. Sote wawili, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Akajumlisha. Laki moja na elfu kumi na mbili. Akasema tutaziweza. Yeye atashona, mimi nitabeba oda na kukata vitambaa, kufikia mwezi wa kumi tutakuwa tumemaliza. Akanishika mkono. Akaniuliza mara ya mwisho: kuna lingine? Lolote, hata dogo, nilitaje sasa, hatakasirika. Ila akija kulisikia kwa mtu mwingine, atarudi kwao.

Nikamwambia hakuna.

Jumatatu, tarehe 16 Juni

Mke wangu kaamka anaimba. Sijamsikia akiimba tangu sijui lini. Nyumba imekuwa nyepesi, na mimi ni mtu mpya kabisa.

Liko moja tu ambalo jana sikulitaja. Lingeharibu mazungumzo, na yalikuwa mazuri mno. Ni la mama mkwe. Mwaka jana nilimwambia macho ya binti yake yanafifia na tunahitaji miwani. Akauza mbuzi wawili, akanipa elfu tisini. Zilipita kwenye jambo jingine, sikumbuki vizuri, lilikuwa la muda mfupi. Si deni hasa. Kwa tafsiri ya semina labda ni deni, lakini sina tena kitambulisho.

Shida ni kwamba mama mkwe amenipigia asubuhi hii. Anakuja Jumamosi. Anatamani kumwona binti yake ndani ya ile miwani.

Nimelitatua kabla ya chakula cha mchana! Mkopeshaji mpya amefungua ofisi mkabala na kituo cha mafuta. Mtu mcheshi, ana feni na kalenda, hana uhusiano wowote na Bwana Taratibu. Laki moja, wiki tatu. Elfu tisini za miwani, elfu kumi za dharura. Anachotaka ni dhamana ya kitu kimoja kinachofanya kazi na kuingiza fedha kila siku. Nilifikiri kwa uaminifu wote, nikazunguka nyumba nzima kichwani, na kwetu kitu cha namna hiyo ni kimoja. Haitaondoka mezani hata dakika. Nimesaini saa tano na nusu.

Jumamosi mke wangu atakuwa anaona vizuri, mama yake atafurahi, na mimi nitakuwa sijamdanganya mtu yeyote.